Mjomba Alikataa, na Hakukataa

Usiku ule Mjomba alikuwa anaongea. Hilo ndilo lililotuponza.

Aligongwa na bodaboda baada ya swala ya magharibi, hatua chache kutoka mlango wa msikiti. Alianguka ubavu, kichwa kikapiga ukingo wa saruji wa mtaro. Walioshuhudia wanasema alizimia dakika mbili tatu, kisha akaamka, akakung'uta vumbi kwenye kanzu, akamtuliza yule kijana wa bodaboda aliyekuwa anatetemeka kuliko yeye. Wakampakia kwenye tuktuk kwa nguvu. Nilipofika kasualti nilimkuta ameketi kitandani, miguu inaning'inia, anauliza kofia yake iko wapi. Nikapumua. Nikampigia mama simu nikamwambia hana neno.

Baada ya kama nusu saa akaanza kulalamika kichwa. Akatapika. Afisa wa kliniki akamwambia itabidi apigwe skani ya kichwa, na pengine afanyiwe upasuaji usiku huohuo. Mjomba akasema hapana. Akasema anaenda zake nyumbani. Akang'oa sindano ya dripu, damu ikamchuruzika hadi kwenye vidole. Mkaza mjomba akamshika bega, "Bwana, tulia kidogo," naye akautoa ule mkono kwa ukali ambao sijapata kuuona kwake. Mhudumu mmoja akaleta fomu, ile anayotia sahihi mgonjwa anayeondoka kinyume cha ushauri wa daktari. Mjomba akaichukua kalamu.

Aliyemzuia ni muuguzi wa zamu, mama wa makamo. Hakumpokonya kalamu wala hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akaketi, akamwamkia kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana: "Shikamoo, mzee." Mjomba akajibu vizuri kabisa, "Marahaba, mwanangu." Muuguzi akamweleza kwa maneno mepesi kwamba kichwa kimegonga saruji, pengine damu inavuja ndani, na ikijaa itaubana ubongo, akienda nyumbani anaweza asiione asubuhi. Kisha akasema: "Sasa nirudishie wewe, mzee wangu. Nimekwambia nini?"

Mjomba akamtazama. "Umesema kofia yangu iko kwa imamu."

Akamweleza tena, polepole zaidi. Akamuuliza tena. Mara hii Mjomba akasema leo ni Ijumaa na anachelewa hotuba. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu za usiku. Muuguzi akaikunja ile fomu, akaitia mfukoni mwa koti lake, akaenda kumwita daktari.

Miaka miwili imepita na bado naiwaza ile dakika. Sisi sote tuliokizunguka kile kitanda tungeapa kwamba Mjomba ana akili zake. Alitujua kwa majina. Aliitika salamu. Alikuwa na sauti ileile aliyotulelea. Nasi tumekuzwa hivi: mzee akishasema hapana, mazungumzo yamekwisha. Sikujua kwamba maamkizi ni katika mambo yanayobaki mdomoni hata pale ambapo uwezo wa kupima jambo umeshaondoka.

Baadaye daktari alinichorea kwenye kipande cha karatasi. Mfupa wa panja ni mwembamba, na kwa ndani yake unapita mshipa wa ateri. Mfupa ukipasuka, mshipa nao huweza kukatika, damu ikaanza kujikusanya kati ya fuvu na ule utando mgumu unaoufunika ubongo. Mwanzoni mgonjwa huzimia kwa kishindo cha pigo, kisha huzinduka, akaongea, akatembea, akaomba maji. Ni kipindi cha kuhadaa. Kwa kuwa fuvu halitanuki, damu ikizidi ubongo hukosa pa kwenda. Wakati huo dawa ni kulifungua fuvu na kuitoa damu, na kila dakika ina bei yake.

Kuna kipimo cha fahamu ambacho hospitali karibu zote hutumia, kilichotungwa Glasgow, Scotland, mwaka 1974. Hutazama macho, maneno na viungo, na jumla yake ni kuanzia 3 hadi 15. Mgonjwa anayeongea lakini kwa kuchanganya mambo hupoteza alama moja tu. Kwa hiyo Mjomba alipokuwa anadai ni Ijumaa, karatasi yake ilisomeka 14 kati ya 15. Mimi ni mwalimu; mwanafunzi akiniletea 14 kati ya 15 nampongeza. Ndiyo maana nasema lile swali la muuguzi lilikuwa tiba kamili kama skani. Kipimo kilionyesha kwamba yuko macho. Swali likaonyesha kwamba hawezi kuamua.

Uingereza wameliandika jambo hili katika sheria yao ya mwaka 2005 ya uwezo wa kuamua, inayotumika England na Wales. Mtu huchukuliwa kwamba anaweza kujiamulia mpaka idhihirike vinginevyo. Ili ionekane hawezi, awe ameshindwa moja kati ya mambo manne, na kushindwa huko kutokane na hitilafu ya akili au ubongo: kuelewa anachoambiwa, kukishika kichwani kwa muda wa kutosha, kukipima, na kufikisha uamuzi wake kwa njia yoyote, hata kwa kupepesa jicho. Linalonigusa zaidi katika sheria hiyo ni kwamba uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja na kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kushindwa kuamua kuhusu upasuaji saa mbili usiku na akaweza asubuhi yake. Na uamuzi unaowakera ndugu au madaktari si ushahidi kwamba mwenyewe hana akili.

Hili la mwisho lina kisa chake. Mwaka 1993, katika hospitali ya Broadmoor, England, wanakowekwa wagonjwa wa akili waliofanya makosa makubwa, mzee wa miaka 68 aliingiwa na ugonjwa wa kuoza mguu. Alikuwa na skizofrenia, akiamini kwamba yeye mwenyewe ni tabibu mkubwa. Mpasuaji alisema mguu usipokatwa chini ya goti nafasi yake ya kuishi ni asilimia 15. Mzee akakataa. Kesi ikafika Mahakama Kuu, ambako alitambulishwa kwa herufi C tu, na hakimu akaona kwamba pamoja na ugonjwa wake ameelewa alichoambiwa, amekiamini na amekipima. Akaamuru mguu usikatwe bila ridhaa yake ya maandishi.

Nimewaweka wazee hawa wawili pamoja kichwani mwangu. Mmoja ana jina la ugonjwa wa akili na anaweza kuamua kuhusu mguu wake. Mwingine ni mzee wa mtaa anayeheshimiwa, asiyepata kuambiwa ana kasoro, na kwa usiku mmoja hawezi kushika sentensi moja kwa dakika moja. Kama tungewapima kwa majina yao na sifa zao, tungekosea kwa wote wawili.

Skani ikatoka. Daktari mpasuaji akatuonyesha pale damu ilipotuna, umbo kama yai lililolalia mfupa. Akasema ni sasa. Na hapo ndipo sisi ndugu tulipoharibu.

"Nani atatia sahihi?"

Mkaza mjomba alikuwepo. Wameishi pamoja miaka 31. Anajua Mjomba analala upande gani, anajua dawa ya presha anayomeza, anajua anaogopa nini. Hakuna aliyemsogezea kalamu. Yeye mwenyewe alisema, "Mngojeni mwanawe." Mwanawe mkubwa yuko Muscat. Tukampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Tukapiga tena, tukapiga kwa mwenzake wanayekaa chumba kimoja, naye akasema yuko zamu. Ami yangu mmoja akasema tusifanye pupa, kumfungua mtu kichwa si jambo dogo, mtoto wa kiume akija kutulaumu tutasema nini? Tukakaa kwenye benchi tunaitazama simu. Dakika 50. Nilizihesabu baadaye kwenye orodha ya simu nilizopiga.

Muuguzi alikuwa akija kumulika macho ya Mjomba kwa tochi. Mara ya nne hakurudi kutuambia kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari. Mboni ya jicho moja ilikuwa imetanuka. Mjomba hakuwa anauliza kofia tena. Daktari akatoka, akasema, "Siwezi kungoja tena. Naingia naye." Akaandika kwenye faili, mwenzake akaandika chini yake, na kitanda kikasukumwa thieta mbele ya macho yetu bila sahihi ya ndugu hata mmoja.

Nakiri kwamba nilidhani amevunja sheria, na nikamwombea asije akashtakiwa kwa kutuhurumia. Kumbe sisi ndio tuliokuwa hatuijui sheria yetu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza nyama. Kifungu cha 7 kinahesabu kuwa matibabu ya dharura hata huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuwa mbaya, na kumpangia kuhamishwa ikiwa pale alipofikia hawana uwezo. Kituo chenye uwezo kikikataa, ni kosa la jinai, na faini yake yaweza kufika shilingi milioni 3. Kifungu cha 9 ndicho cha ridhaa. Mgonjwa asihudumiwe bila ridhaa yake. Akiwa hawezi kuitoa, itolewe na mtu aliyempa mamlaka hayo mwenyewe kwa maandishi, au aliyepewa na sheria au mahakama. Asipokuwepo huyo, ndipo anapokuja jamaa wa karibu. Na yote hayo hupishwa kukiwa na dharura, au pale ambapo kuchelewa kunaweza kumuua mgonjwa au kumwachia madhara yasiyorekebishika, ikiwa mgonjwa hajaikataa huduma hiyo kwa kauli, kwa ishara au kwa mwenendo wake.

Nilikisoma kifungu hicho mara nyingi. Hakuna mahali kinapotaja mtoto wa kiume. Hakuna Muscat. Sahihi tuliyoitafuta dakika 50 haikuwa inahitajika.

Kwa nini basi hospitali hungoja? Simlaumu yule daktari; ndiye aliyeacha kungoja. Lakini nimekaa kwenye mabenchi hayo usiku mwingi tangu wakati ule, kwa ajili ya Mjomba na kwa ajili ya wengine, na nimeona watu wazima wakiikwepa kalamu. Wanajua kitu ambacho fomu haisemi wazi: aliyetia sahihi ndiye atakayetafutwa na wahasibu. Ridhaa na deni vimekaa karatasi moja au karatasi mbili zilizobanwa pini moja, na ndugu mwenye uchungu hawezi kujua anaulizwa lipi kati ya hayo mawili. Hofu ya daktari ya kushtakiwa inakutana na hofu ya ndugu ya kudaiwa, na katikati yao amelala mtu.

Wakenya hatujamsahau yule mwanamume aliyegongwa na gari Kangemi, Nairobi, Oktoba 2015. Alikaa ndani ya ambulensi saa 18, akipelekwa hospitali hadi hospitali, huku hakuna kitanda cha wagonjwa mahututi na kule wakidai malipo ya awali; baadaye akafa. Katiba ilikuwa na miaka mitano tayari. Na wasomaji wa Tanzania mna PF3 yenu, fomu ya polisi ya majeruhi. Mnajua ni familia ngapi zina kisa cha mtu anayevuja damu aliyeambiwa aanzie kituoni.

Lakini sitaki mtu anisome akadhani nasema dharura ifungue kila mlango. Mlango wa dharura ni mwembamba, na una sababu ya kuwa mwembamba.

Canada kuna kesi mbili ambazo wanafunzi wa sheria husomeshwa pamoja. Ya kwanza ni ya Nova Scotia, mwaka 1933. Mpasuaji aliyekuwa akitibu ngiri alikuta korodani imeharibika kwa ugonjwa, akaiondoa wakati mgonjwa yuko kwenye nusukaputi. Mahakama ikamwunga mkono, kwa kuwa kuiacha kulihatarisha maisha ya mgonjwa na haingekuwa busara kungoja. Ya pili ni ya British Columbia, mwaka 1949. Daktari akimzalisha mama kwa upasuaji alikuta uvimbe kwenye mji wa mimba, akaona mimba nyingine itamhatarisha, akamfunga kizazi palepale. Nia ilikuwa njema. Mahakama ikampa haki mama. Hatari ile ilikuwa ya siku zijazo, na siku zijazo mama atakuwa ameamka, aulizwe. Kurahisisha kazi kwa sababu tumbo limeshafunguliwa si dharura.

Huko Namibia, Mahakama ya Juu iliamua Novemba 2014 kesi ya wanawake watatu wenye virusi vya ukimwi waliofungwa kizazi walipokuwa wakizaa kwa upasuaji. Sahihi zilikuwepo. Fomu zilijazwa. Lakini zilitiwa katika uchungu wa uzazi, bila ya maelezo yanayostahili jina hilo, na mahakama ikasema hiyo si ridhaa. Nikiwaweka wanawake hao karibu na Mjomba naona mambo mawili yanayopingana kwa sura: sahihi yao ilikuwepo na ridhaa haikuwepo, kwake sahihi haikuwepo na kilichofanywa kilikuwa halali.

Kisa kigumu kuliko vyote kwangu ni cha Ontario. Juni 1979 mwanamke wa miaka 57, Shahidi wa Yehova, aliletwa hospitali bila fahamu baada ya ajali ya gari iliyomuua mumewe. Ndani ya pochi yake muuguzi alikuta kadi, kwa Kifaransa, imetiwa sahihi, inakataza kuongezwa damu kwa hali yoyote. Daktari akaiona. Hali ya mgonjwa ikazidi kuwa mbaya, naye akamwongeza damu, akiamini asipofanya hivyo atakufa. Alipona. Akashtaki, akashinda, akalipwa dola 20,000, na Mahakama ya Rufaa ya Ontario ikashikilia uamuzi huo mwaka 1990. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikasirika. Mtu amekuokoa! Nikaenda nikarudi, na sasa naona mahakama haikukosea. Ile kadi ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyekwisha kuamua akiwa na fahamu zake, akijua kwamba siku moja atakuwa hawezi kusema.

Maneno ya sheria yetu yananirudia: hajaikataa kwa kauli wala kwa mwenendo. Mjomba alikataa kwa kauli. Alikataa kwa mwenendo, damu ya dripu ikiwa ushahidi kwenye shuka. Mtu mwenye kuisoma sheria kwa haraka, au mwenye kutaka kitanda kiachwe wazi, angeweza kumruhusu aende kwa kifungu kilekile, na faili lingekuwa limekamilika, lina sahihi ya mgonjwa mwenyewe. Kilichomzuia asiende ni swali lililochukua dakika mbili.

Na ukweli una upande wake wa pili. Kama Mjomba angemjibu yule muuguzi, "Umeniambia damu inavuja kichwani na nikienda nyumbani nitakufa, nami nimesikia, na sitaki kufunguliwa kichwa," basi mimi ninayempenda ningelazimika kumtafutia tuktuk. Nimejaribu kuikwepa sentensi hiyo kila nilipoifikia. Nimeiandika.

Alizinduka siku ya tatu. Alichukua wiki kadhaa kurudi kuwa yeye. Mkono wa kushoto bado mzito, na majina ya wajukuu huyakoroga. Kwamba zile dakika 50 zilichangia au hazikuchangia, hakuna daktari aliyetuambia, nami sikuuliza.

Siku moja barazani nilimsimulia kila kitu, kofia, dripu, Ijumaa. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi sikukataa. Huyo aliyekataa simjui." Kisha akauliza nani alitia sahihi. Nikamwambia hakuna, tulikuwa tunamngoja mwanawe. Akanyamaza kwa muda mrefu. Mkaza mjomba alikuwa ndani anakaanga mahamri. Alimtazama kupitia mlangoni.

Akaniagiza karatasi na kalamu. Mkono wake ulikuwa hauwezi mistari mirefu, akaniambia niandike naye atatia sahihi. Alifikiri kila neno. Aliandikisha kwamba akiwa hawezi kujisemea, mkewe ndiye atakayemsemea, si mwingine. Kwamba afanyiwe kila kinachoweza kumrudisha. Kwamba madaktari wakisema hakuna tena cha kurudisha, apelekwe nyumbani na asiwekwe kwenye mashine. Nikamsomea. Akanirekebisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika "mwanangu wa kwanza ashauriwe." Akasema futa. Andika, "Mwanangu aarifiwe, asingojwe."

Jirani wawili wakashuhudia. Mkaza mjomba akaifuta mikono unga, akaisoma ile karatasi mara mbili akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kava ya simu yake.